Wapagazi Hawana Pointi

Jumamosi, 5 Aprili

Masika imeingia leo kwa kishindo, na mimi nimegombana na Bhavin kabla hata chai haijapoa.

Niandike vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitajifanya nimesahau. Sisi ni watatu. Bhavin ndiye mwenye chumba, juu ya duka lao la bawaba na vitasa hapa Kariakoo. Mwalimu Filbert anafundisha historia sekondari na ndiye mtunza sheria zetu. Mimi Nasreen ni mchora hina, mwanamke pekee wa chama, na mwenye mkono mtulivu kuliko hao wawili wakijumlishwa. Kila Jumamosi tunapigana vita mezani kwa dadu na askari wa plastiki wasiozidi kidole gumba, tuliowapaka rangi wenyewe mpaka vifungo vya shati. Ndugu zangu wanaona nimechanganyikiwa. Sawa tu.

Tarehe 31 Mei tutacheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa jamaa zake Bhavin kule Upanga. Vita tuliyochagua ni ya mwaka 1917, jeshi la Mwingereza likivuka Rufiji. Bhavin anaongoza wale Wahindi waliopigana upande wa Mwingereza, watu sitini wenye vilemba, kazi yake ya miaka miwili. Filbert ana Mjerumani na askari wake. Mimi nikauliza, "Na wapagazi?"

"Wapagazi gani?" akasema Bhavin.

"Waliobeba. Risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Unadhani hilo jeshi lako lilikuwa linakula nini porini?"

Akacheka. "Dada Nasreen, wapagazi hawapigani bana. Kwenye kitabu cha mchezo hawana pointi hata moja. Hata kiwandani hawatengenezwi."

"Umekaa Kariakoo," nikamwambia, "mtaa uliopata jina kwa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa Mwingereza, halafu unaniambia wapagazi hawana pointi?"

Filbert akaamua. Nikileta wapagazi thelathini waliokamilika rangi, ataongeza sheria: kikosi cha Mwingereza kisichogusana na mpagazi hakisogei wala hakifyatui risasi. Wasipokamilika hawapandi mezani, kwa sababu sheria ya kwanza ya chama chetu ni kwamba kisichopakwa rangi hakigusi meza. Bhavin akasema, "Poa. Hawezi kumaliza na masika hii."

Tutaona.

Jumapili, 6 Aprili

Bibi yangu, Bibi Kuruthumu, amenikuta barazani nakata mikuki ya wanakijiji wa plastiki. Ndiyo njia pekee: unanunua mwanakijiji wa vita nyingine, unamnyang'anya mkuki, unampa mzigo.

"Mtu mzima na vidoli," akasema. "Wenzio wana watoto."

Nikamweleza ni wapagazi wa vita ya Mjerumani. Akaketi karibu yangu, na Bibi si mtu wa kukaa chini. Kwamba baba yake, Mzee Mrisho, alichukuliwa shambani Kisarawe akiwa kijana akabebeshwa mizigo ya Mwingereza, hilo nyumba nzima tunalijua. Nililokuwa silijui ni hili aliloniambia leo: aliporudi hakuweka tena kitu kichwani maisha yake yote. Hata ndoo ya maji aliibeba mkononi, wanawake wakamcheka njia nzima ya kisimani.

"Shingo ilikuwa imeingia ndani," akasema Bibi, kisha akaomba kahawa.

Sasa sitaki tena kumshinda Bhavin tu. Nataka wale watu wasimame juu ya ile meza.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Bibi harusi wa Buguruni, mikono na miguu. Mama mkwe ananielekeza kuchora ua utadhani yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mizigo kumi imetoka. Udongo wa epoksi, ule unaoganda kama jiwe, nimenunua dukani kwao Bhavin, wala hakunipunguzia. Nakanda, nabana iwe gunia, nachora mistari ya katani kwa pini ya mtandio. Kamba ni nyuzi za gunia la kweli. Kila mmoja na mzigo wake: unga, sanduku la risasi, gurudumu la mzinga, machela. Hii ya machela imenichukua siku mbili, lazima wawili walingane mabega.

Rangi ya msingi haikauki. Jana asubuhi niliipaka, leo bado inanata.

Jumamosi, 12 Aprili

Bhavin amemwinua mmoja karibu na dirisha, akamgeuzageuza. "Kazi nzuri kwa mtu wa pointi sifuri," akasema. Filbert akacheka. Mimi sikucheka, na nilitaka waone kwamba sikucheka.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Maji yamejaa Msimbazi, wateja wawili wameahirisha. Nimepaka nyuso nne.

Jumanne, 22 Aprili

Nyuso ndizo zinanila. Ngozi moja nainyanyua kwa rangi tatu, halafu jicho, ambalo ni nukta nyeupe na ndani yake nukta nyeusi kwa brashi namba sifuri. Pumzi inasimama. Ukikosea unaanza uso upya. Nimekataa wafanane. Mmoja ana kovu, mmoja mchovu, mmoja anamtazama mwenzake wa mbele kwa hasira kwa sababu anatembea polepole. Huyo nampenda.

Bibi anapita kila asubuhi, anavaa miwani, anaguna, anaondoka. Leo amesema, "Huyu amenenepa. Hakukuwa na mnene." Nimemkwangua tumbo.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo sikukuu, tumekutana mapema. Filbert amejaribu sheria yake mpya, vifungo vya shati vikisimama badala ya wapagazi. Bhavin akavusha vikosi vitatu mtoni kwa mbwembwe zake, akaacha vifungo nyuma, na ng'ambo ya pili watu wake wakaganda. Hawasogei, hawafyatui. Filbert akawamaliza kwa bunduki moja ya rashasha.

Bhavin akaitupa tepu ya kupimia ukutani. Miaka sita namjua, sijawahi kumwona hivyo.

"Mmeniharibia mchezo," akasema. "Miaka miwili napaka vilemba, uzi wa dhahabu mmoja mmoja, ili wasimame mtoni kusubiri mtu wa kubeba unga!"

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema Filbert taratibu.

"Ndivyo anavyotaka Nasreen! Anataka siku ile watu wangu wachekwe mbele ya mama yangu na jamaa zangu wote."

Hapo nikapandwa. Nikamwambia, "Hao wapagazi wanabeba chakula cha watu wako, si wangu. Ungekuwa unawajali hata chembe ungenisaidia hata kitu kimoja. Mwezi mzima hujanishikia hata brashi. Unajua kukejeli tu."

Akaanza kuwapanga askari wake kwenye sanduku, kila mmoja kwenye tundu lake la sponji. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani, ikatubidi tukae tusubiri tukiwa tumenuniana, watu wazima watatu.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Umeme hakuna. Ishirini na wawili.

Jumatano, 7 Mei

Wamekwisha! Thelathini. Nimewasimamisha barazani kwa mstari mmoja, wa machela katikati. Bibi akavaa miwani, akapita mstari wote bila kuguna, akauliza, "Yupi baba yangu?" Nikamwambia sijui, achague. Akamchagua yule mwenye hasira.

Imebaki vanishi ya kuwakinga, maana siku ile watashikwashikwa. Ya kopo la kupuliza haiguswi sasa. Chama chetu kina mwiko: tangu mvua ya kwanza mpaka Sabasaba hakuna kupuliza vanishi, kwa sababu unyevu unaingia ndani yake ikiwa hewani na inakauka nyeupe, na weupe ule hautoki. Mwiko huo aliuweka Bhavin mwenyewe baada ya kuharibu kifaru chake cha vita mwaka juzi. Masika tunapaka vanishi ya chupa kwa brashi, na chupa imekwisha. Ekta, dada yake Bhavin, anakuja na nyingine wiki ijayo kutoka Nairobi.

Paa letu linavuja, kwa hiyo nimewapeleka kwenye kabati la chumba cha chama. Nimewalaza kwenye bati tupu la mithai, vile vitamu vya Kihindi, juu ya pamba na kufunga kabati mwenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika hivyo hivyo.

Nilichelewa, nilikuwa na bibi harusi Buguruni tangu asubuhi. Nimepanda ngazi ya duka na viatu mkononi kwa tope. Filbert alikuwa dirishani amenipa mgongo. Bhavin ameketi. Bati langu lilikuwa wazi juu ya meza.

Weupe. Wote thelathini. Ukungu mnene umewatanda kuanzia vitako wanavyosimamia mpaka vichwani, kama mtu amewachekechea unga wa muhogo. Nyuso hazipo. Kovu halipo. Nilimnyanyua mmoja nikamsugua kwa kidole, nikidhani ni vumbi, nikasugua mpaka ukucha ukauma. Halikuwa vumbi.

Kopo la kupuliza lilikuwa pale sakafuni, kifuniko kando.

"Nani?" nikauliza, na jibu nalijua.

"Mimi," akasema Bhavin. "Jua lilikuwa limetoka."

"Jua?"

"Jana mchana. Lilikuwa kali, anga safi kabisa. Nikawapeleka juu darini, kwenye paa la wazi. Nimemaliza tu, ikanyesha."

Nikamtazama. Huyu ndiye aliyetuwekea mwiko. Huyu ndiye aliyemkemea Filbert masika iliyopita kwa kutikisa kopo tu. Kifaru chake cheupe bado kipo rafuni, nyuma ya kichwa chake, na yeye ananiambia jua.

"Ulijua," nikasema. "Unajua kuliko sisi wote. Ulitaka wasipande mezani, na umepata."

"Nasreen, sikiliza."

"Usiniite. Ungeniambia tu, 'Sitaki wapagazi wako.' Ningekuelewa. Lakini hivi!"

Nilitegemea akane. Nilitaka akane, apige kelele, aape kwa mama yake. Akainamisha kichwa, akanyamaza, na kile kimya nikakichukua kuwa ndiyo. Filbert akasema, "Jamani, tuzungumze," nikamwambia azungumze na huyo mwenzake. Nikafunga bati langu, nikashuka ngazi. Barabara ilikuwa mto. Nimelia kutoka dukani mpaka nyumbani, wala sikujificha, kwenye mvua hakuna anayejua.

Jumapili, 11 Mei

Sina la kuandika.

Jumanne, 13 Mei

Bibi amelifungua bati bila kuniuliza. Akawatazama muda mrefu.

"Kwani rangi imekwisha madukani?"

"Bibi, wameharibika."

"Nimekuuliza rangi. Imekwisha?"

"Haijaisha."

"Basi paka."

Nikamwambia haelewi, hii ni kazi ya mwezi mzima, na zimebaki siku chache, na aliyefanya ni rafiki yangu, na amefanya makusudi. Akasema hayo ya rafiki ni yangu mimi na huyo Mhindi wangu, yeye ameuliza habari ya rangi tu. Nikamjibu vibaya. Baadaye nimemwomba radhi, ameitikia huku anatazama pembeni.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Sijagusa brashi.

Jumamosi, 17 Mei

Mara ya kwanza sijaenda chamani bila kuumwa. Alasiri Filbert akaja, suruali imekunjwa mpaka magotini, akamwamkia Bibi, akapewa kahawa.

"Bhavin hachezi," akasema. "Anakaa tu pale."

"Atachezaje, na dhamira inamsuta?"

"Inamsuta, lakini si kwa hilo unalodhani. Nasreen, vanishi ya chupa haiji. Ekta ameahirisha safari. Bhavin alijua hilo tangu ile Alhamisi, siku moja kabla ya kupuliza. Akaona wapagazi wako watachubuka siku ya mchezo, na wewe una maharusi kila siku. Likatoka jua."

"Angeniuliza."

"Alitaka uwakute tayari." Akazungusha kikombe. "Si wewe uliyemwambia hajawahi kukusaidia hata kitu kimoja?"

Nilisahau kabisa. Mimi huwa nasema, maneno yanatoka, nakwenda zangu. Kumbe mwenzangu aliyachukua, akakaa nayo wiki mbili, akaenda nayo darini.

"Mbona hakusema?" nikauliza.

"Ulimpa nafasi?"

Nikasema alikuwa na kinywa. Filbert akasema na mimi nina masikio. Akajitolea kunisaidia kupaka, yeye na Bhavin, kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia asante, msaada ndio ulioniponza. Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Niandike ukweli: sijui kama namwamini Bhavin. Inawezekana alisaidia kwa moyo safi, na inawezekana pia moyo ule haukuwaogopea wapagazi wangu kama ambavyo ungewaogopea vilemba. Wale wake asingewapandisha darini hata wingu moja likiwa mbali upande wa Pugu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi sasa, kuliko kama angefanya kwa makusudi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeanza upya. Mmoja tu, yule mwenye hasira. Hasira haikurudi vilevile, sasa anaonekana mzee.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua usiku na mchana. Wanne. Wa tano nimemkosea jicho mara tatu, nikamrusha. Bibi akamwokota chini ya kabati.

Jumatano, 28 Mei

Filbert amepiga simu. Anasema wageni hawajui sheria zetu, kwa hiyo tunaweza kuiacha ile ya wapagazi kwa siku moja, Bhavin acheze kawaida na mimi nisione haya. Nikamuuliza Bhavin anasemaje. Akasema bado hajamuuliza.

Bila shaka atakubali. Nani angekataa?

Ijumaa, 30 Mei

Tisa. Ishirini na mmoja bado weupe. Siendi.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda. Bibi alishavaa baibui tangu asubuhi, amekaa mlangoni na mkoba, anasema anataka kuona kitu kilichomfanya mjukuu wake asile wali wa nazi. Nikachukua bajaji. Bati la mithai nikalipakata, na brashi na rangi zangu ndani yake, sijui kwa nini nililibeba.

Ukumbi ulijaa. Mama yake Bhavin, Bi Jasvanti, alimpokea Bibi kwa mikono miwili na kumweka kiti cha mbele, chini ya feni. Meza ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mto wa Rufiji umemwagwa kwa gundi inayong'aa, matete ni nywele za ufagio. Na vilemba sitini vimesimama ukingoni, uzi wa dhahabu unaonekana kabisa ukiinama.

Bhavin aliniona. Akaitikia kwa kichwa, basi.

Filbert akaeleza mchezo kwa wageni, na alipofika kwenye wapagazi akaruka. Nilimsikia akiruka. Bhavin akamkatiza.

"Mwalimu, umesahau sheria moja."

"Leo tunaweza kuiacha."

"Hapana. Isome."

Filbert akaisoma. Kikosi cha Mwingereza kisichogusana na mpagazi hakisogei wala hakifyatui risasi. Watu wakatazama meza kumtafuta mpagazi.

Zamu ya kwanza ikawa ya Bhavin. Akasema, "Napita," hakusogeza hata mmoja. Filbert akarusha dadu, bunduki ya rashasha ikaondoa wanne. Bhavin akawanyanyua mwenyewe, mmoja mmoja, akawalaza kando. Zamu ya pili, "Napita." Wakaondoka sita. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Vijana nyuma wakacheka. Uso wa Bi Jasvanti ulikuwa umejikunja, na mimi nikaacha kumtazama, kwa sababu lile Bhavin aliloliogopa mwezi mzima, kuchekwa mbele ya jamaa zake, amelivaa mwenyewe kwa hiari yake.

Mjomba wake mmoja, mtu wa sauti kubwa, akapaza: "Bhavin! Mbona hupigani? Jeshi lote hilo la nini?"

"Hawawezi kusogea, mjomba. Sina wa kuwabebea."

"Wapagazi wako wako wapi?"

"Nimewaua," akasema Bhavin. Hakupaza sauti, lakini hata feni nilikuwa naisikia. "Walikuwa thelathini, kazi ya Nasreen, kila mtu na sura yake. Niliwachukua bila kumuuliza, nikawafanyia haraka ambayo nisingewafanyia hawa wangu. Wakafa wote."

Akageukia meza akasema, "Napita," na ilikuwa hata si zamu yake.

Ningeweza kukaa. Nilichokitaka nilikuwa nimeshakipata: watu mia wanatazama jeshi zuri lililoganda mtoni na wanajua sababu. Tena bila hata mpagazi mmoja mezani. Lakini alisema lile neno, kwamba hawa wake asingewafanyia hivyo. Nilidhani ni mimi tu ninayelijua, na nilikuwa nimejiandaa kulibeba miaka yote bila kumwambia. Nikainuka. Nikaliweka bati ukingoni mwa meza, nikalifungua.

"Tisa wamekamilika," nikasema.

"Na wengine?"

"Kama ulivyowaacha."

Akawatazama, wale weupe. Nadhani hakuwa amewaona tangu siku ile. Filbert akasema tisa wanatosha kuanzia, tuwapange, tuendelee. Akaanza kuwapanga yeye mwenyewe, kwa upole sana. Bhavin hakugusa vikosi vyake. Alivuta kiti, akakaa mbele ya bati, akanyoosha mkono kwangu.

"Naomba brashi. Na unielekeze ngozi, ile ya rangi tatu. Sijui unavyoifanya."

Ninazo brashi nyingi za kumpa mtu. Nilimpa ile namba sifuri, ambayo hata Filbert hajawahi kuishika. Nikamkamulia kahawia kwenye kifuniko, nikakaa karibu yake. Akachukua mweupe wa kwanza, akamshika kwa kitako, akaanza na shingo. Mkono wake si mtulivu. Nikamwambia apumue nje kwanza, ndipo aguse.

"Bhavin," akaita Filbert, dadu mkononi, ukumbi mzima ukisubiri. "Zamu yako."

"Zamu yangu ndiyo hii," akasema, wala hakuinua kichwa.